Oveni ya Hoteli Ikikataa Kutoa Maji

Katika hoteli na mikahawa ya Malindi, Watamu na Kilifi, oveni za mvuke si kitu kigeni tena. Ni zile mashine kubwa ambazo wapishi huziita kombi: huoka kwa hewa moto, hupika kwa mvuke, au hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Mafuta ya nyama na maji ya mvuke hushuka pamoja na kutokea kwenye tundu moja lililo chini ya oveni. Tundu hilo au bomba lake likiziba, jiko husimama. Jinsi linavyozibuliwa ni jambo linalomgusa hata mkazi asiyewahi kula katika hoteli hiyo, hasa kama ana kisima.

Dalili hazifichiki. Maji hutuama chini ya oveni baada ya mapishi, harufu ya mafuta yaliyochacha husikika, na mashine huweza kujizima katikati ya kuoshwa. Anayeumia kwanza ni mpishi. Maji yaliyotuama huwa ya moto sana, na mlango ukifunguliwa ghafla humwagika miguuni. Mpishi asimame kando ya mlango, aufungue kidogo tu mvuke utoke, kisha asubiri.

Mara nyingi mashine haijaharibika. Ndani ya oveni mafuta ni majimaji kwa sababu ya joto. Yanapoingia kwenye bomba hukutana na maji baridi ambayo oveni nyingi huyanyunyiza makusudi ili kupoza mvuke kabla haujatoka. Hapo huganda. Mafuta ya mbuzi na ng'ombe ndiyo wasumbufu zaidi, kwani huganda hata katika joto la kawaida la Pwani. Mafuta ya nazi yana nafuu, maana hubaki majimaji kuanzia nyuzi 24 hivi, na jikoni Malindi ni nadra kupoa kufikia hapo. Ongeza ngozi za kuku na vipande vya viazi vilivyopita kwa sababu mtu aliondoa chujio "ili maji yaende haraka", na bomba limekwisha kuziba.

Sababu nyingine ni maji yenyewe. Visima vingi vya ukanda wa pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa na mara nyingine chumvi. Yakichemshwa huacha ukoko mweupe ndani ya mabomba, kama ule unaoonekana ndani ya birika la chai, na mafuta hupata mahali pa kushika. Hoteli inayotumia maji ya kisima inahitaji chujio la kulainisha maji kabla hayajaingia kwenye oveni.

Kazi ya kuzibua haihitaji nguvu. Oveni izimwe ukutani, si kwenye kitufe pekee, na iachwe ipoe. Trei na rafu zitolewe, kisha maji yaliyotuama yachotwe na kutiwa kwenye ndoo. Chujio la tundu litolewe na kusuguliwa. Vipande vinavyoonekana viondolewe kwa mkono uliovaa glavu, na mdomo wa bomba usuguliwe kwa brashi ya plastiki. Baada ya hapo maji ya moto yenye sabuni ya vyombo yamiminwe kidogo kidogo, na mpishi atazame kama yanashuka. Yakishuka polepole, arudie. Yasiposhuka kabisa, kizuizi kiko mbali zaidi, na hapo ni kazi ya fundi. Waya na nondo zisitumike, maana hutoboa bomba na kukwaruza chuma.

Kosa la hatari kuliko yote ni kumwaga dawa ovyo. Dawa ya kuondoa chokaa ni asidi. Ikikutana na dawa yenye klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, hutoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu, na jikoni kulikofungwa yaweza kuua. Asidi kali ya kuzibulia vyoo nayo hula chuma cha oveni.

Isitoshe, dawa hiyo haiondoi mafuta duniani, huyasukuma mbele. Sehemu kubwa ya miji yetu hutegemea matangi ya maji taka na mashimo ya kunyonya maji. Mafuta yakifika kwenye shimo huziba udongo na mawe, maji hayanyonywi tena, na siku moja hufurika barabarani. Pale ambapo mawe ya matumbawe yana nyufa, maji machafu hupenya upesi hadi kwenye visima vya majirani, na hatimaye baharini, ambako Malindi ina mbuga ya baharini iliyohifadhiwa tangu 1968. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji kwa namna hiyo.

Kinga yake ni kisanduku cha kunasa mafuta, kinachowekwa kati ya jiko na tangi. Maji hupungua mwendo ndani yake, mafuta huelea na mabaki huzama. Kisanduku kisafishwe kabla mafuta na mabaki hayajafika robo ya kina chake, na uchafu huo utiwe kwenye chombo chenye kifuniko na kukabidhiwa mzoa taka mwenye kibali. Kuumwaga kwenye mtaro wa mvua ni kurudia kosa lile lile mahali pengine.

Mwenye hoteli anayefunga oveni mpya amuulize fundi mambo mawili. Je, bomba linastahimili joto? Bomba la kawaida la plastiki hulainika na kupinda likipitisha maji ya moto sana. Na je, pameachwa mwanya wa hewa kati ya bomba la oveni na bomba la maji taka? Mafundi wengine huuziba kwa kuogopa harufu, lakini ni mwanya huo unaozuia maji taka yasirudi ndani ya oveni yenye chakula.

Mkazi anayeona maji ya jikoni yakifurika karibu na kisima asiyatumie maji ya kisima hicho kwa kunywa, na aripoti kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yake. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sabuni wala dawa.