Utangulizi: Kusoma Mifupa na Tope

Msomaji wa Mtwara anayetaka kumwona mjusi mkubwa wa Tendaguru itambidi afike Berlin. Huko, kwenye makumbusho ya elimu ya viumbe, dinosaria aitwaye Giraffatitan, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, alisimamishwa kwa mara ya kwanza 1937. Lakini anayetaka kuelewa mifupa ile ilisalia vipi, hana haja ya kuhangaikia pasipoti. Aelekee Msimbati, afike mlango wa Ruvuma maji yakiwa yamekupwa.

Atakuta mto ukimwaga tope na mchanga ukifukia makombe na magogo. Tendaguru, ambayo leo ni kilima cha bara kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, miaka milioni 150 iliyopita ilikuwa karibu na pwani ya namna hiyo, ila bila mikoko, maana mikoko ilikuwa bado haijatokea duniani. Mashahidi ni mawe yenyewe: tabaka tatu zina mifupa ya dinosaria, na kati yake zimelala tabaka za mchanga wa bahari zenye makombe. Bahari ilipanda, ikarudi nyuma, ikapanda tena. Mzoga uliowahiwa na tope haukuliwa wote. Maji ya ardhini yakaingiza madini katika vitundu vya mfupa, taratibu, hadi ukawa jiwe. Elimu ya visukuku, kwa sehemu kubwa, ni elimu ya kusoma tope.

Vitabu vingi kuhusu Tendaguru huanza na Bernhard Sattler, mhandisi wa madini aliyeiona mifupa hiyo 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vya moto. Kisha huja Werner Janensch na Edwin Hennig, walioongoza miaka ya kwanza ya uchimbaji wa 1909 hadi 1913. Mimi ningeanza na Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, na wapagazi waliobeba mizigo kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 ziliondoka hivyo.

Sasa zamu yako. Ukikuta jiwe unalolishuku, inama utazame palipovunjika. Jiwe la kawaida limeshikamana. Mfupa mara nyingi huonyesha vitundu vidogo vidogo. Wengine hata hugusisha ulimi, kwani mfupa wa kale hunata. Lakini usiung'oe. Umri wake unasomwa kwenye tabaka ulimolala, na ukishatoka hapo habari nyingi zimepotea. Piga picha, weka alama mahali, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji iwafikishie watu wa Mambo ya Kale.