Ugonjwa wa Akili Unatibika

Mtu akivunjika mguu hupelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Akiugua akili, hukaa nyumbani miezi mingi. Kwa nini?

Kwanza, ni aibu. Jamaa huogopa kuambiwa kwamba ukoo wao una wazimu. Pili, wengi hudhani mgonjwa amerogwa. Tatu, hospitali iko mbali na nauli hakuna.

Mama mmoja alimleta mwanawe zahanati. Mikono ya kijana ilikuwa na vidonda vya kamba. Nilimwuliza, "Mama, nani amekushauri uje?" Akajibu, "Jirani yangu, daktari. Mumewe aliugua hivi hivi, akapata dawa. Sasa analima." Unaona? Neno la jirani lilishinda aibu.

Huu ni ugonjwa kama mwingine. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na tatizo la akili. Wengi hupata nafuu wakitibiwa.

Angalia dalili hizi: halali usiku, hujitenga na watu, husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au husema anataka kufa. Anayesema hivyo asiachwe peke yake. Akibadilika ghafla na ana homa, mwahishe. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani.

Usimfunge kamba. Usimpige. Mlete zahanati. Tutampima, na ikibidi tutamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Asiache dawa bila kuambiwa na mganga.

Na wewe uliyepona, mwambie jirani yako.