Ukisafiri, Mbwa Wako Utamwachia Nani?

Bwana Mkulima, mwezi wa Desemba unapokaribia, watu wengi wa mashamba ya skimu huanza kufunga safari. Wa Kinangop na Ol Kalou huenda kuwaona wazee wao Murang'a na Nyeri. Wa Lugari na Mautuma huenda Vihiga na Kakamega. Mmoja ana arusi, mwingine ana matanga, na mwingine anataka tu watoto wake wamjue nyanya yao. Hilo ni jambo jema.

Kabla ya kuondoka, kila mkulima mwenye akili hufanya shauri la ng'ombe. Hutafuta mtu wa kukamua, humwonyesha majani ya kukata, na humwambia saa ya kupeleka maziwa kwa chama cha ushirika. Kuku nao hupata mtu wao. Lakini ukimwuliza, "Na mbwa je?" atacheka na kusema, "Mbwa hana shida. Atajitafutia."

Neno hilo, "atajitafutia," limewaletea wakulima wengi hasara, na wengine limewaletea machozi.

KISA CHA MBWA ALIYEJITAFUTIA

Mkulima mmoja wa Kinangop alinieleza yaliyompata. Ana ng'ombe watatu wa maziwa, kondoo wachache, na viazi. Mbwa wake aliitwa Simba, naye alikuwa mlinzi hodari. Mwaka mmoja mkulima huyu alikwenda Murang'a na bibi yake na watoto, wakakaa siku kumi kwenye arusi ya ndugu yake. Alimwajiri kijana wa kukamua asubuhi na jioni. Juu ya mbwa alimwambia, "Utamtupia chochote."

Siku ya kwanza kijana alimtupia maganda ya viazi. Siku ya pili alisahau. Kila jioni, baada ya kukamua, kijana alirudi kwao, na boma likabaki kimya. Siku ya tatu Simba alipita chini ya seng'enge akafuatana na mbwa wengine wasio na mwenyewe. Usiku wa siku ya sita kondoo wawili wa jirani waliuawa.

Mkulima aliporudi, alimkuta Simba amelala mlangoni, amekonda, na ana jeraha karibu na taya. Watoto walifurahi kumwona. Mkulima alilipa kondoo wa jirani, ingawa kwa maneno mengi, akadhani mambo yamekwisha. Jeraha la mbwa likapona.

Baada ya wiki tano hivi Simba alibadilika. Alikataa chakula. Alijificha gizani, akatafuna mlango wa banda, na sauti yake ikawa si ile ya siku zote. Mtoto wa miaka saba alipompelekea maji, Simba akamwuma mkono.

Hapo ndipo mama wa mtoto alipoiokoa nyumba. Alikuwa amesikia katika mkutano wa shule la kufanya mtu anapoumwa na mbwa. Hakupaka mafuta wala majani. Alichukua sabuni na maji mengi, akaliosha jeraha kwa dakika 15 nzima huku mtoto analia. Kisha wakaenda hospitali siku ile ile. Mtoto alidungwa sindano zote kwa siku zilizopangwa, bila kuacha hata moja. Maofisa wa mifugo walimwua Simba, na kichwa chake kilipopimwa kilionekana kina ugonjwa wa kichaa.

Mtoto yule ni mzima, na anakwenda shule. Lakini baba yake aliniambia, "Maziwa niliyaandika katika daftari, kila kikombe. Mbwa sikumwandika popote. Hata sindano ya kichaa sikuwa nimemdunga."

SKIMU SI KAMA KIJIJINI

Mtu anaweza kuuliza, "Mbona wazee wetu walisafiri na mbwa hawakuwa taabu?" Jibu liko katika namna tunavyokaa. Kijijini, nyumba za ndugu ziko karibu karibu. Baba akisafiri, yuko mjomba. Mjomba akiondoka, yuko nyanya. Mbwa hula nyumba hii leo, na nyumba ile kesho, na watu wote wanamjua.

Mashamba ya skimu yalianza kwa njia nyingine. Tangu Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka wa 1962, mashamba makubwa ya Wazungu yalikatwa na kugawanywa, na kila mtu akajenga katika kipande chake. Jirani yako huenda alitoka wilaya nyingine. Baina ya nyumba yako na yake pana malisho na ua. Ukifunga mlango na kuondoka na watoto wote, hakuna jamaa anayebaki. Mbwa uliyedhani ameachwa kwa watu wote, kwa kweli hakuachwa kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo, katika skimu, mbwa lazima awe na mtu mmoja anayejulikana, ambaye ameombwa na amekubali.

HATARI ZA MBWA ANAYEZURURA

Kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado tunao. Mtu akisha kuonyesha dalili zake, ni nadra sana kupona. Lakini mtu aliyeumwa akioshwa jeraha na kupewa sindano mapema, huokoka. Mwaka wa 2014 Serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka wa 2030, na njia yake kubwa ni kuchanja mbwa 70 katika kila mbwa 100. Mbwa wako ni mmoja wa hesabu hiyo.

Pili ni minyoo aina ya tegu. Mbwa anayezurura hula mizoga na matumbo yaliyotupwa machinjioni. Akila ini au mapafu yenye malengelenge ya maji, hupata tegu wadogo sana. Mayai yao hutoka na choo chake na kuanguka juu ya majani na mboga. Mtu akiyameza, lengelenge huota katika ini lake na kukua polepole kwa miaka mingi, hata pengine apasuliwe. Ugonjwa huu unajulikana sana Turkana, lakini unaweza kuingia popote penye mbwa na kondoo. Tegu wa namna nyingine hutokana na mbwa kula kichwa cha kondoo mgonjwa. Mayai yake humfanya kondoo azunguke zunguke upande mmoja mpaka afe. Basi mwenye kondoo asidhani habari za mbwa hazimhusu.

Tatu ni hasara ya mifugo na ugomvi wa majirani. Kondoo hulipwa, lakini urafiki ukiharibika si rahisi kuununua tena.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA SAFARI

1. Sindano. Mbwa adungwe sindano ya kichaa kila mwaka, na wa kwanza kudungwa ni mtoto wa mbwa aliyefika miezi mitatu. Usingoje siku ya kupanda gari, maana kinga huchukua wiki kadhaa kushika vizuri kwa mbwa ambaye hajapata kuchanjwa. Ukitaka kusafiri Desemba, fanya jambo hili Oktoba au mwanzo wa Novemba. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wakati huo sehemu nyingi huwa na kampeni za kuchanja. Sikiliza habari kutoka kwa Ofisi ya Mifugo ya kaunti yako. Cheti utakachopewa kiweke pamoja na karatasi za shamba. Wakati huo huo omba dawa ya minyoo.

2. Mtu. Chagua mtu mzima ambaye mbwa anamjua. Kama anayekamua hulala kwako, huyo ndiye anayefaa. Kama halali, mwombe jirani. Mtu huyo aje mara mbili tatu kabla ya safari, ampe mbwa chakula kwa mkono wake wewe ukiwapo. Mbwa mkali hamtii mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza siku mwenyewe alipoondoka. Mtoto mdogo asipewe kazi hii peke yake.

3. Chakula. Acha chakula cha kutosha siku zote, na siku mbili zaidi, kwa kuwa magari hukosekana wakati wa sikukuu. Ugali uliochanganywa na maziwa, omena au supu ya nyama unafaa, asubuhi na jioni. Mahindi yaliyoshika kuvu usimpe kabisa. Sumu ya kuvu huharibu ini la mbwa na kumwua, kama inavyoweza kumwua mtu. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia ni mibaya, kwa sababu huvunjika na kuwa na ncha kali. Nyama mbichi ya mnyama aliyekufa isitupwe kwa mbwa.

4. Maji. Mbwa wa kilo 20 hunywa kama lita moja kwa siku, na zaidi jua likiwa kali. Maji yawe katika chombo kizito asichoweza kukipindua, na yabadilishwe kila siku.

5. Mahali. Ziba matundu ya ua kabla ya kuondoka. Mchana mbwa anaweza kufungwa, lakini mnyororo uwe mrefu wa kufika penye maji na kivuli. Mbwa aliyefungwa usiku na mchana kwa wiki mbili huwa mkali kupita kiasi. Afunguliwe usiku ndani ya boma lililofungwa.

6. Mbwa jike. Jike hushikwa na joto karibu mara mbili kwa mwaka, na hali hiyo huendelea kwa wiki tatu hivi. Mbwa wa skimu nzima watakuja bomani, na watapigana. Baada ya miezi miwili utakuwa na watoto wa mbwa ambao hukuwataka. Kama siku zake zimekaribia, afungiwe ndani ya banda imara, na mlinzi wako aambiwe sababu. Daktari wa Mifugo anaweza pia kumfunga uzazi.

7. Dawa ya kupe. Mwonye mtu wako asimwogeshe mbwa kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia tu. Dawa iliyo kali kupita kiasi huweza kumwua mbwa. Kupe wachache na watolewe kwa mkono, naye anawe baadaye.

ANDIKA

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua karatasi moja, uandike: jina la mbwa, chakula chake na saa zake, tarehe ya sindano, siku utakayorudi, namba yako ya simu, na namba ya Daktari wa Mifugo aliye karibu. Bandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa stoo. Chini yake andika maneno haya: "Mbwa akimwuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15, nenda hospitali mara moja, mpigie Daktari wa Mifugo. Mbwa asiuawe wala kuachiliwa kabla Daktari hajasema." Maana mbwa aliyemwuma mtu, kama anaweza kufungiwa bila hatari, huangaliwa kwa siku 10. Lakini hospitali haingojwi siku hizo ziishe.

Tena, elewaneni juu ya malipo. Kama ni kijana wa kazi, mwongeze kitu kwa sababu ya mbwa, kwani ni kazi kama kazi nyingine. Kama ni jirani, mwambie waziwazi, "Nawe ukisafiri, wako nitamtunza mimi." Ahadi hiyo ni malipo makubwa. Watu wanane wa mstari mmoja wa mashamba wakiafikiana hivyo, hakuna boma litakalobaki bila mlinzi mwaka mzima.

Nairobi na miji mingine ziko nyumba zinazolaza mbwa kwa malipo ya kila siku. Lakini kwa mkulima, jirani mwaminifu anatosha. Na kwake kuna faida moja zaidi: mbwa anabaki pale pale akilinda ng'ombe na viazi vyako.

UKIRUDI

Siku ya kurudi, usiwaachie watoto wamkumbatie mbwa mara moja. Kwanza mwangalie wewe mwenyewe. Tazama kama ana jeraha, kama anakula, na kama ufizi wake ni mwekundu au umekuwa mweupe. Ufizi mweupe pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia ni dalili za homa ya kupe. Mwulize mtu wako, "Je, alitoka? Alipigana na mbwa yeyote?" Mwulize kwa upole, ili asikufiche. Ukisikia kwamba aliumwa na mbwa asiyejulikana, mpeleke habari Daktari wa Mifugo siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo na hata kama sindano alidungwa. Jeraha la Simba lilipona, lakini ugonjwa ulikuwa tayari umeingia.

Yule mkulima wa Kinangop sasa ana mbwa mwingine. Desemba iliyofuata alisafiri tena na watoto wote. Safari hiyo mbwa alikuwa amedungwa sindano tangu Oktoba, ua ulikuwa umezibwa, na karatasi ilikuwa mlangoni. Mtu wa kumtunza alikuwa nani? Alikuwa ni yule jirani aliyeuliwa kondoo wawili. Mkulima alimwendea mwenyewe, akamwomba, na jirani akakubali.

Basi, Bwana Mkulima, kabla hujafunga mizigo ya safari, simama bomani mwako ujiulize: ng'ombe wana mtu, kuku wana mtu, na mbwa je? Kama huwezi kutaja jina la mtu huyo, safari yako bado haijawa tayari.