Ruzuku ya Serikali na Safari Ndefu ya Utafiti wa Ubongo

Utafiti wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu hudai muda mrefu kuliko umri wa bajeti ya mwaka mmoja, na mara nyingi mrefu kuliko muhula wa serikali iliyoidhinisha fedha zake. Kampuni za dawa huingia kwa nguvu pale njia ya kuelekea sokoni inapoonekana. Kabla ya hapo kuna miaka mingi ya kupima, kulinganisha na kukosea, miaka isiyokuwa na faida ya kuandikwa kwenye vitabu vya hesabu, na mzigo wa miaka hiyo hubebwa zaidi na serikali kwa njia ya ruzuku, yaani fedha za umma anazokabidhiwa mtafiti ili atafute jibu la swali alilolieleza, bila ya kudaiwa azirejeshe na bila ya kulazimishwa kuahidi bidhaa ya kuuzwa.

Mgawaji mkubwa kuliko wote wa fedha za namna hii ni Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazojulikana kwa kifupi kama NIH. Zilianza mwaka 1887 zikiwa maabara ya chumba kimoja katika hospitali ya mabaharia ya Staten Island, New York, na leo ni mkusanyiko wa taasisi na vituo 27 wenye makao makuu Bethesda, Maryland, na wenye bajeti ambayo kwa miaka ya karibuni imezidi dola bilioni 45. Zaidi ya asilimia 80 ya fedha hizo hutoka nje ya kuta za Bethesda na kugawiwa vyuo vikuu, hospitali na vituo vya utafiti. Miongoni mwa taasisi hizo ni NINDS, iliyoundwa mwaka 1950 kushughulikia magonjwa ya mishipa ya fahamu, ambayo ndiyo iliyogharimia jaribio lililochapishwa Desemba 1995 na kuthibitisha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kiharusi kianze, humwongezea mgonjwa nafasi ya kupona akiwa na ulemavu mdogo au bila ulemavu kabisa.

Namna fedha hizo zinavyogawiwa inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna somo kubwa kuliko lile la ukubwa wa fungu. Mtafiti huandaa andiko la mradi, ambalo kwa ruzuku ya kawaida huwa na ukurasa mmoja wa malengo na kurasa 12 za kueleza mbinu, pamoja na bajeti na maelezo ya jinsi wagonjwa watakavyolindwa. Andiko hilo hupelekwa kwa jopo la wanasayansi wa fani ileile, ambao wengi wao si waajiriwa wa serikali, na mjumbe mwenye uhusiano wa karibu na mwombaji, wa kikazi au wa kifedha, hutoka chumbani andiko linapojadiliwa. Kila mjumbe hutoa alama ya jumla kuanzia 1 hadi 9, ambapo 1 ndiyo bora, kisha wastani wa alama hizo huzidishwa kwa 10. Baada ya hapo baraza la pili, lenye wanasayansi na raia wasio wanasayansi, hupima kama mradi unalingana na mahitaji ya taifa, na ndipo mkurugenzi wa taasisi husika anapoamua. Kwa jumla, takriban andiko moja kati ya matano hupata fedha. Aliyekosa hupelekewa hoja za wapitiaji wake kwa maandishi, akajua ni wapi takwimu zake zilikuwa dhaifu na ni wapi swali lake halikueleweka, na ana ruhusa ya kurekebisha na kuomba tena. Hili la mwisho, ambalo waandishi wa sera hulipita haraka, pengine ndilo jambo la haki kuliko yote katika mfumo mzima, kwa kuwa hata kukataliwa kunamjenga mtafiti.

Thamani ya ruzuku inayofululiza kwa miaka inaonekana vizuri katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ambako kwa miongo kadhaa watafiti wamekuwa wakichunguza malaria kali ya ubongo kwa watoto. Huu ni ugonjwa ambao vimelea vya malaria hujibana ndani ya mishipa midogo ya damu ya ubongo, mtoto akapoteza fahamu, mara nyingi baada ya degedege, na ni ugonjwa unaofahamika vyema katika wodi za watoto za Kilifi, Muheza na Kampala. Dawa za kuua vimelea zipo na zinafanya kazi, lakini watoto wameendelea kufa hata baada ya kuzipata, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika sababu yake.

Hatua ya kwanza kubwa ilikuja mwaka 2004, pale kundi lililoongozwa na Terrie Taylor wa Chuo Kikuu cha Michigan State, kwa ruzuku ya NIH, lilipochapisha matokeo ya uchunguzi wa miili ya watoto 31 waliofariki wakiwa wametambuliwa kuwa na malaria ya ubongo, wazazi wao wakiwa wameridhia uchunguzi huo katika saa ngumu kuliko zote. Saba kati ya watoto hao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa, ingawa vimelea vilikuwamo katika damu yao. Alama moja tu ya kitabibu ndiyo iliyotenganisha makundi hayo mawili: mabadiliko yanayoonekana ndani ya jicho, kwenye retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga. Kuanzia hapo daktari mwenye kifaa cha kuangalia ndani ya jicho aliweza kujua, mtoto akiwa hai kitandani, ni nani hasa ubongo wake umeshambuliwa na malaria.

Bila ya alama hiyo, kazi iliyofuata isingekuwa na msingi. Mwaka 2010 kundi la Gretchen Birbeck, likigharimiwa na NINDS, lilitoa ripoti ya kuwafuatilia watoto walionusurika: kati ya 132 waliothibitishwa kwa alama ya jicho, 12 walipata kifafa baadaye, ilhali kati ya watoto 264 wa kulinganishwa nao, wasiougua malaria ya ubongo, hakuna hata mmoja aliyekipata. Walioangukia kifafa walikuwa hasa wale waliopata homa kali zaidi na degedege walipokuwa wodini. Mwaka 2015, kwa kutumia mashine ya MRI, ambayo hupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, kundi la Taylor lilionyesha kwamba katika watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo tangu walipolazwa, wakati katika walionusurika uvimbe wa kiasi hicho ulionekana kwa 39 tu kati ya 143. Hatimaye kitendawili kilianza kuteguka: ubongo unaovimba ndani ya fuvu lisilotanuka hukandamiza shina la ubongo, mahali panapoendesha pumzi, na mtoto huacha kupumua.

Swali la homa nalo halikuachwa. Likaombewa ruzuku nyingine, na watoto wa Malawi na Zambia wakapewa parasetamoli pamoja na ibuprofeni kwa saa maalumu katika siku tatu za mwanzo, badala ya kusubiri homa ipande ndipo watibiwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba homa ilishuka zaidi na degedege likapungua. Kama hatua hiyo itazuia kifafa cha miaka ya baadaye ni jambo linalohitaji kufuatiliwa zaidi, kwa fedha zaidi. Kutoka kwenye chumba cha maiti hadi kwenye dawa mbili za bei nafuu zinazopatikana karibu kila duka la dawa ni miaka 20, na kama mnyororo huo ungekatika katika pete yoyote, hakuna ambaye mwaka 2004 angeweza kutabiri ni nini kingepotea.

Hata hivyo, mwenye kulipa ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu swali lipi liulizwe na lini. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alieleza tangu miaka ya 1960 habari za watoto waliokuwa wakitikisa vichwa bila kujizuia, dalili ambayo baadaye ilitambuliwa kama aina ya pekee ya kifafa. Swali hilo lililala kwa miongo mingi, hadi ugonjwa huo ulipojitokeza kwa wingi kusini mwa Sudan na kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2017 wanasayansi wa NINDS walichapisha ushahidi uliohusisha ugonjwa huo na kinga ya mwili, ambayo katika kupambana na minyoo ya usubi hugeukia na kudhuru neva za mgonjwa mwenyewe, dhana ambayo wataalamu wanaendelea kuijadili. Dalili zilionekana mapema Mahenge, na watoto wa Uganda walitoa damu na majimaji ya uti wa mgongo, lakini maabara na fungu la fedha vilikuwa Maryland.

Ugawaji wa fedha hizo pia haujawa wa usawa. Vyuo vikuu vya Marekani hujadiliana na serikali yao kiwango cha gharama za uendeshaji, yaani umeme, majengo, wahasibu na kamati za maadili, na vingi hupata zaidi ya asilimia 50 juu ya gharama za utafiti wenyewe, ilhali taasisi ya nje ya nchi hiyo imekuwa ikipewa asilimia 8. Wala fedha hizo hazina dhamana ya kudumu. Mei 2025, NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya zenye fungu la kupelekwa taasisi za nje kwa mpango wa zamani, yaani kupitia chuo cha Marekani, hadi utaratibu mpya ukamilike. Serikali ya Marekani ina haki ya kupanga fedha za walipakodi wake, lakini mgonjwa wa kifafa aliye katika jaribio la Afrika hakuwa na mwakilishi katika uamuzi huo.

Afrika Mashariki haijakosa sheria. Tanzania iliunda COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986, na tume hiyo inasimamia mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE. Kenya, kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuandika kwamba Hazina itaupatia kila mwaka kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa. Viongozi wa Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa Januari 2007, walizihimiza nchi wanachama zitenge angalau asilimia 1. Fedha zinazofika katika mifuko hii zimebaki mbali sana na ahadi hizo, na upungufu huo hauwezi kuelezwa kwa umaskini peke yake, kwa kuwa Blantyre haikuhitaji mabilioni ya dola. Ilihitaji fedha za kiasi zisizokatika, wagonjwa waliofuatiliwa vizuri na watafiti waliojua kwamba mwaka ujao watakuwa na kazi.

Kwa hiyo linalodaiwa sasa kwa mabunge ya Dodoma na Nairobi ni mambo mawili yanayowezekana. Kwanza, fungu la utafiti wa tiba liidhinishwe kwa miaka mitano mitano na lilindwe lisichotwe kila panapotokea dharura, hata kama litaanza dogo. Pili, kila andiko lipitiwe na jopo huru na kila mwombaji arejeshewe hoja kwa maandishi, ili kijana wa Muhimbili au Kilifi anayeuliza kwa nini watoto wa Mahenge wanatikisa vichwa asilazimike kulitungia swali lake sura ya kuipendeza ofisi ya mbali. Bajeti za nchi hizi kwa kawaida husomwa Juni. Wabunge wanaoombwa kuzipitisha na waulize, kabla ya kusema ndiyo, ni kiasi gani cha fungu la utafiti la mwaka uliopita kilichofika kweli kwa watafiti.