Mnara wa Jirani na Haki ya Mpangaji

Mwalimu anayehamishwa kutoka Kitale kwenda Bungoma huuliza habari za kodi, maji na umeme. Ni nadra aulize habari za mnara wa simu, na mwenye nyumba, kwa kuchelea kumpoteza mpangaji, hunyamaza.

Wapo wasemao kuwa mnara hauna haja ya kutajwa, kwani unaonekana. Hoja hiyo ni dhaifu. Mnara ambao haujajengwa hauonekani, ilhali majirani waliokwisha kuulizwa maoni wanaujua. Jenereta ingurumayo usiku umeme ukipotea, haisikiki adhuhuri. Mnunuzi naye akipekua daftari la ardhi ataona jina la mmiliki na deni la benki la kiwanja anachokitaka, si mnara ulio katika kiwanja cha pili.

Sidai kwamba minara huua. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hapakuwa na ushahidi thabiti wa madhara yake. Hata hivyo, ushahidi kukosekana si idhini ya kuficha. Atakayelala pale ndiye apimaye.

Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika nazo kikamilifu. Nasadiki roho ya ibara hiyo yafaa ifike hadi mlangoni mwa nyumba. Kila mkataba wa kuuza au kupangisha uwe na mstari mmoja: je, upo mnara jirani, au umekusudiwa kujengwa?

Nyumba njema haitaharibiwa na ukweli. Kizuri chajiuza.