Usaili Sebuleni: Jiandae Kabla ya Kuwasha Kamera

Zamani mtu akiitwa kwenye usaili wa kazi, nyumba nzima ilijua. Gauni lilipigwa pasi usiku, vyeti vikatiwa kwenye bahasha ya kaki, na alfajiri mwenyewe akashika njia ya kituo cha basi. Siku hizi wito unakuja kwa barua pepe, na usaili unafanyika sebuleni, mbele ya simu au kompyuta. Safari ya basi imeondoka, lakini mtihani uko palepale. Kwa wengine umezidi ugumu, maana nyumbani ndiko watoto wanakolilia uji na jirani anakopiga hodi.

Mwezi huu tunazungumza na akina dada na akina mama wanaotafuta kazi katika masoko ya kidijitali, yaani kazi ya kutangaza na kuuza bidhaa au huduma kwa njia ya intaneti. Wanawake wengi tayari wanaifanya bila kuiita kazi. Kuna anayeuza vitenge kwa WhatsApp, kuna anayeendesha ukurasa wa kwaya Facebook, kuna anayepiga picha keki zake na kuziweka Instagram. Ujuzi wanao. Kinachowaangusha ni kuueleza mbele ya mwajiri, na hapo ada ya shule na kodi ya nyumba vinapotea kwa sababu ya nusu saa iliyoharibika.

Je, wito ni wa kweli?

Kabla ya kujiandaa, hakikisha aliyekuita yupo. Matapeli wanajua kwamba mtu mwenye shida ya kazi hupokea simu haraka. Mwajiri wa kweli hakuombi hela ya fomu, ya mafunzo wala ya "kufungua faili". Hakuombi namba ya siri ya simu yako ya fedha. Tafuta tovuti ya kampuni, uangalie kama nafasi hiyo imetangazwa, kisha uwapigie kwa namba uliyoikuta huko, usitumie ile iliyokuja na ujumbe. Kama usaili mzima ni wa kuandikiana WhatsApp na mshahara ni mkubwa kupita kiasi, dada, rudi nyuma.

Nehemia alikuwa na jibu

Tumesikia wengine wakisema, "Nitaomba tu, Mungu atanipa la kusema." Kuomba ni kwema, lakini hebu tumtazame Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Mfalme alipomwuliza anataka nini, aliomba kwanza, kisha akajibu. Jibu lake lilikuwa kamili: alitaja muda atakaotumia, akaomba barua za kupeleka kwa maliwali, akaomba na miti kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme. Alikuwa amelibeba jambo hilo katika maombi tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, karibu miezi minne, na bila shaka alikuwa amelipigia hesabu. Sala na maandalizi vilikwenda pamoja.

Nawe fanya vivyo hivyo. Siku tatu kabla ya usaili, fungua kurasa zote za kampuni hiyo. Wanauza nini? Wateja wao ni akina nani? Wanajibu malalamiko ya wateja au wanayaacha? Tovuti yao inafunguka vizuri kwenye simu ndogo? Andika mambo mawili wanayofanya vizuri na moja ambalo ungelifanyia kazi. Ukiulizwa, "Ungeanzia wapi?" utakuwa na la kusema, na wataona umewaheshimu kiasi cha kuwasoma.

Jifunze kusema kwa hesabu

Katika kazi hii, anayesema "nilitangaza na watu wakapenda" hajasema kitu. Tuchukue mfano. Tuseme ulitumia shilingi 60,000 kutangaza mashuka Facebook na Instagram. Tangazo likaonekana mara 20,000, likabofywa mara 400, na watu 20 wakanunua shuka moja moja. Hapo una mambo manne ya kueleza:

1. Tangazo lilibofywa kwa asilimia 2 ya mara lilizoonekana.
2. Katika kila mara 100 lilipobofywa, 5 zilileta mnunuzi.
3. Kila kubofya kuligharimu shilingi 150.
4. Kila mnunuzi alipatikana kwa shilingi 3,000.

Sasa linakuja swali la mwajiri mwerevu: je, kulikuwa na faida? Kama kila shuka lina faida ya shilingi 8,000 kabla ya gharama ya tangazo, umepata 160,000. Toa 60,000, zimebaki 100,000. Lakini kama faida ya shuka ni 2,500 tu, umepata 50,000 na umepoteza 10,000, hata kama ukurasa ulijaa sifa. Mama anayejua kupima unga na sukari ya maandazi anaweza hesabu hii. Aifanye kwa mauzo yake mwenyewe, aiandike, aishike kichwani.

Ukiulizwa kuhusu kazi uliyowahi kufanya, simulia kwa hatua nne: hali ilikuwaje, wajibu wako ulikuwa nini, ulifanya nini wewe mwenyewe, na matokeo yakawaje. Dakika mbili zinatosha.

Tena, ujue vyombo vya kazi vya leo. Wapo wanaotaja bado Universal Analytics ya Google, ingawa kwa akaunti za kawaida iliacha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023, na mahali pake ikashikwa na Google Analytics 4. Kama huna cheti, Skillshop ya Google na HubSpot Academy zinatoa masomo ya bure kwenye intaneti, na ukifaulu unapewa cheti. Anza na kimoja, ukimalize.

Ujue pia sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kuchukua namba za simu kwenye daftari la kikundi cha akina mama na kuwamwagia matangazo bila idhini yao hakufai. Ukilisema hilo mwenyewe kwenye usaili, utaonekana mtu wa kuaminiwa.

Miaka ya kulea si aibu

Akina mama wengi hutetemeka wanapoulizwa, "Miaka hii minne ulikuwa wapi?" Jibu kwa utulivu: "Nilikuwa nalea watoto wangu. Katika muda huo niliuza vitumbua na juisi kwa oda za WhatsApp, na haya ndiyo matokeo yake." Kisha endelea na hesabu zako. Usiombe radhi kwa kulea. Weka picha za matangazo yako na takwimu zake katika faili moja, tayari kuwaonyesha. Hata ukurasa wa kwaya ni kazi, kama unaweza kueleza ulivyouendesha.

Na wakikuuliza, "Una mtoto mchanga? Unatarajia kuzaa tena?" Msomaji wetu, ujue haki yako. Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu za jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nacho kinakataza ubaguzi wa jinsia na wa ujauzito. Huna haja ya kugombana. Unaweza kusema kwa upole, "Nimeshapanga mambo ya nyumbani, na saa za kazi mlizotaja nitaziweza." Halafu rudi kwenye kazi.

Saa, umeme na bando

Wapo waliokosa kazi kwa sababu ya saa tu. Barua ikisema 10:00 AM EAT, hiyo ni saa nne asubuhi yetu. Herufi EAT ni saa za Afrika Mashariki. Mwajiri aliye London akisema 2:00 PM mwezi Julai, kwetu ni saa kumi jioni. Akisema hivyo mwezi Desemba, ni saa kumi na moja jioni, maana Waingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ukiwa na shaka, uliza kwa barua pepe mapema.

Usiku wa kuamkia usaili, chaji simu na kompyuta mpaka zijae. Nunua bando la kutosha, na uwe na laini ya mtandao mwingine kama akiba. Jaribu programu watakayotumia pamoja na rafiki yako. Mkutano wa bure wa Zoom hukatika baada ya dakika 40, lakini kwa mazoezi zinatosha. Mtandao ukikatika katikati ya usaili, tuma ujumbe mara moja: "Mtandao umekatika, ninarudi." Atakayekuajiri anatazama pia unavyotulia mambo yanapoharibika.

Mbele ya kamera

Keti ukielekea dirisha, usilipe mgongo, la sivyo uso utakuwa giza. Weka simu juu ya vitabu ili kamera ilingane na macho. Tumia visikilizio vya masikioni, maana jogoo, bodaboda na spika za mtaani havijui kuwa una usaili. Kwetu tumelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na ni adabu njema. Lakini kwenye kamera macho ya chini huonekana kama unasoma mahali. Itazame kamera unapojibu. Kama utaonyesha kazi zako kwenye kioo, zima kwanza ujumbe wote, usije ujumbe wa kikao cha harusi ukatokea mbele ya wakubwa.

Zungumza na watu wa nyumbani mapema. Baba watoto, bibi, au dada wa kazi wajue kwamba kwa saa moja mlango haufunguliwi. Mume anayewachukua watoto saa hiyo amechangia mshahara utakaokuja.

Usidanganye

Programu za akili mnemba zinaweza kukuuliza maswali ya mazoezi, nalo ni jambo jema. Lakini kusoma majibu yake mbele ya mwajiri ni kuazima sauti ya mwingine, na swali la pili litakuumbua. Vivyo hivyo kununua wafuasi wa bandia ili ukurasa uonekane mkubwa. Kitabu cha Mithali kinasema wazi kwamba Bwana anachukia mizani ya hila, na takwimu za uongo ni mizani ya siku hizi. Usichokijua sema, "Hilo sijalifanya bado, lakini ningelianza hivi."

Usaili ukiisha, andika barua pepe fupi ya shukrani siku hiyohiyo. Wakikupa kazi ya majaribio, ifanye vizuri. Lakini wakitaka kampeni nzima ya mwezi bila malipo, uliza kwa heshima italipwaje.

Lidia wa Thiatira alikuwa mfanyabiashara wa nguo za zambarau, na Bwana aliufungua moyo wake naye akaufungua mlango wa nyumba yake kwa watumishi wa Mungu. Kazi ya mikono ya mwanamke imekuwa baraka kwa nyumba na kwa kanisa tangu zamani. Kwa hiyo, dada, piga hesabu zako, chaji simu yako, piga magoti, kisha uwashe kamera. Tunakuombea.