Kilele kimoja, redio moja, familia nzima

Mtoto wa miaka minane akiambiwa "twende tukapande mlima", swali lake ni moja: kuna nini huko juu? Jibu la "mandhari nzuri" huwatosha wazazi, si yeye. Nchini Uingereza zipo familia zenye jibu jingine: huko juu tunakwenda kuzungumza na watu kwa redio.

Mchezo wenyewe unaitwa Summits on the Air. Ulianza Machi 2002 kwa vilele vya England na Wales, na sasa umeenea nchi nyingi. Wanaoucheza ni waendeshaji redio wa ridhaa, watu waliofanya mtihani wakapata leseni. Kila mmoja ana alama yake ya utambulisho. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, na nyingi za Uingereza huanza na G au M.

Kanuni ni chache. Vifaa vibebwe na wapandaji wenyewe, gari lisitumike katika mwendo wa mwisho, na umeme uwe wa betri au sola, si jenereta ya mafuta. Mrushaji awe ndani ya mita 25 za wima kutoka kileleni. Akiwapata watu wanne tofauti hewani, anavuna pointi za mlima huo, kuanzia 1 hadi 10.

Hakuna haja ya kuanza na mlima mrefu. Leith Hill, katika jimbo la Surrey, una mita 294 tu, na juu yake upo mnara wa karne ya 18. Siku ya anga safi, London huonekana upande wa kaskazini na bahari upande wa kusini. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo redio ya mkononi ya wati 5, ambayo mjini huzibwa na majengo, pale juu hufika mbali.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanza. Mama mwenye leseni ananogewa na redio. Baba na watoto wamekaa kwenye nyasi, jasho la kupanda limepoa mwilini, upepo unawapiga. Watu wanne wameshapatikana, yeye anataka kumi. Safari ijayo ataambiwa aende peke yake.

Dawa ni kugawana kazi kabla ya kutoka nyumbani. Mtoto anayejua kuandika awe karani: aandike saa, alama ya kila anayejibu na jinsi anavyosikika. Mdogo wake ashike fimbo ya antena. Baba asimamie chai, makoti na saa. Anayevutiwa zaidi ana njia yake: leseni ya kwanza ya Uingereza, iitwayo Foundation, haina umri wa chini. Mtoto akifaulu mtihani, anapata alama yake mwenyewe.

Mkubaliane pia mwisho. Wanne wakipatikana, au nusu saa ikiisha, redio inafungwa. Radi ikinguruma, antena ishushwe na wote wateremke mara moja, hata kama amebaki mtu mmoja kutimiza wanne. Mlima hauhami, pointi zake zitawangoja.